Historia ya Kikombe cha Mpira cha Wanawake Katika Uingereza

Mashindano ya mtoano yana tabia yake. Katika ligi, timu iliyoshindwa leo huweza kujirekebisha juma lijalo; katika mtoano, aliyeshindwa ametoka, wala hana nafasi nyingine mpaka mwaka ugeuke. Neno lenyewe la Kiswahili limeundwa kutokana na kitenzi toana, nalo laeleza jambo hili barabara: wawili wakabiliana, na hapana budi mmoja amtoe mwenziwe. Kwa sababu hiyo kikombe huacha kumbukumbu iliyo wazi kuliko michezo mingine. Mchezo wa kirafiki husahauliwa pamoja na wale walioutazama. Lakini kikombe hudai kila mwaka jina moja, tarehe moja na kiwanja kimoja. Majina hayo yakipangwa hufanya orodha, na orodha ndiyo mwanzo wa historia.

Historia ya kikombe cha mpira cha wanawake katika Uingereza ni historia ya orodha iliyochelewa kuanza. Chama cha Mpira cha Uingereza kiliundwa mwaka wa 1863, na katika mwaka wa 1871 katibu wake, Charles Alcock, alitoa shauri la kuwa na kikombe kimoja kitakachoshindaniwa na klabu zote za chama. Timu 15 zilijiandikisha. Fainali ya kwanza ilichezwa Kennington Oval, London, tarehe 16 Machi 1872, na Wanderers wakawashinda Royal Engineers kwa bao 1 kwa 0, mbele ya watazamaji wapatao 2,000. Kikombe cha wanawake kilicho mfano wa hicho kilipata mshindi wake wa kwanza mwaka wa 1971. Baina ya vikombe viwili hivi pana karne nzima.

Jawabu jepesi la kueleza tofauti hiyo ni kwamba wanawake hawakuwa wakicheza mpira, au kwamba hapakuwa na mtu aliyetaka kuwatazama. Habari zilizohifadhiwa zakanusha yote mawili. Wanawake walicheza, na watu walijaa kuwatazama. Walichokosa ni kiwanja. Na asiye na kiwanja hawezi kuwa na kikombe.

Mabibi wa kwanza na wafanyakazi wa viwandani

Tarehe 23 Machi 1895, katika mtaa wa Crouch End, kaskazini ya London, timu mbili za klabu iliyoitwa British Ladies' Football Club zilicheza mbele ya watu wapatao 10,000. Timu iliyoitwa Kaskazini iliishinda Kusini kwa mabao 7 kwa 1. Katibu wa klabu alijulikana kwa jina la Nettie Honeyball, na rais wake alikuwa Lady Florence Dixie, mwandishi na mtetezi wa haki za wanawake, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandikia gazeti habari za Afrika ya Kusini na kumtetea Mfalme Cetshwayo wa Wazulu. Baada ya siku hiyo klabu ilizunguka miji mingi ya nchi. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: haikuwa na mpinzani. Timu ambayo lazima ijigawe nusu kwa nusu ili ipate wa kushindana naye yaweza kufanya maonyesho, lakini haiwezi kufanya mashindano.

Wapinzani waliletwa na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wanaume walipokwenda kupigana, wanawake kwa maelfu waliingia viwandani kutengeneza mizinga na risasi, na viwanda hivyo vikaunda timu za mpira. Kaskazini-mashariki ya Uingereza, ambako viwanda vya silaha na vya meli vilikuwa karibu karibu, ndiko kulikoanzishwa katika msimu wa 1917–18 kikombe cha wanawake wa viwanda vya silaha. Fainali ilikuwa baina ya Blyth Spartans na Bolckow Vaughan. Mara ya kwanza timu hizo zilitoka sare bila ya bao. Mchezo uliporudiwa tarehe 18 Mei 1918 katika kiwanja cha Ayresome Park, Middlesbrough, Blyth Spartans walishinda kwa mabao 5 kwa 0, matatu kati ya hayo yakifungwa na Bella Reay. Watazamaji walikuwa wapata 22,000. Kikombe hicho kilikuwa cha jimbo, wala hakikuwa cha taifa. Hata hivyo kilithibitisha kwamba mtoano wa wanawake uliwezekana, na kwamba watu walikuwa tayari kulipa kiingilio ili kuutazama.

Timu iliyopata sifa kubwa kuliko zote haikutoka huko, bali ilitoka Preston, kaskazini-magharibi, katika kiwanda cha Dick, Kerr. Mchezo wake mkubwa wa kwanza ulikuwa siku ya Krismasi ya mwaka wa 1917 katika kiwanja cha Deepdale, mbele ya watu 10,000, kwa ajili ya kuchangia majeruhi wa vita. Vita vilipokwisha wanawake wengi waliondolewa viwandani, lakini mpira haukwisha. Tarehe 26 Desemba 1920, katika kiwanja cha Goodison Park, Liverpool, Dick, Kerr waliwashinda St Helens kwa mabao 4 kwa 0. Watu wapata 53,000 waliingia kiwanjani, na maelfu mengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Fedha zilizopatikana zilikuwa pauni 3,115, nazo zilitolewa kwa askari wa zamani waliokuwa na shida. Hesabu hiyo ya watazamaji yafaa kukumbukwa, kwani itarejewa mwishoni.

Amri ya mwaka wa 1921

Kufika mwaka wa 1921 palikuwa na klabu za wanawake zikadiriwazo kuwa 150 katika Uingereza, na Dick, Kerr peke yao walicheza michezo 67 katika mwaka huo mmoja. Ndipo tarehe 5 Desemba 1921 Baraza la Chama cha Mpira lilipokutana London na kupitisha azimio lililobadili mambo yote.

Maneno ya azimio hilo yastahili kutazamwa kwa makini. Halikusema kwamba wanawake wamekatazwa kucheza. Lilisema kwamba malalamiko yamefika, na kwamba kwa maoni ya Baraza mchezo wa mpira hauwafai kabisa watu wa jinsi ya kike, wala hawapasi kutiwa moyo kuucheza. Kisha likasema kwamba yako malalamiko mengine juu ya fedha: kwamba sehemu kubwa mno ya mapato huliwa na gharama, na kwamba yasiyotosha hufikia makusudi ya hisani. Kwa sababu hizo klabu zote zilizo chini ya chama zinaombwa kukataa viwanja vyao visitumiwe kwa michezo ya namna hiyo.

Hapa mtaalamu wa lugha ataona mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika kutaja malalamiko azimio liliwaita wachezaji kwa neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya wanawake. Lakini lilipofika penye hukumu likatumia neno jingine, lile litumikalo kwa jinsi ya kike ya kiumbe cho chote, hata mnyama. Katika sentensi chache watu waligeuzwa kuwa jinsi. La pili ni kitenzi cha mwisho. Klabu hazikuamriwa, ziliombwa. Lakini ombi la mwenye mamlaka ni amri iliyovaa nguo za adabu: klabu za wanaume zilitii, milango ya viwanja vikubwa ikafungwa, na waamuzi waliokuwa chini ya chama nao wakazuiliwa kusimamia michezo ya wanawake.

Wanahistoria wameongeza sababu nyingine ambazo Baraza halikuzitaja. Wako wasemao kwamba klabu za wanaume ziliona wivu juu ya makundi ya watazamaji. Wako pia wakumbushao kwamba katika mwaka huo wa 1921, wachimba makaa walipofungiwa kazi, timu za wanawake zilicheza ili kuzichangia jamaa zao, na kwamba hisani ya namna hiyo haikuwapendeza wakubwa kama ilivyowapendeza hisani kwa majeruhi wa vita. Hoja hizo zina uzito wake. Walakini lililo dhahiri zaidi ni namna amri yenyewe ilivyofanya kazi. Haikuwanyima wanawake miguu wala mpira, iliwanyima mahali. Na kwa kuwa mahali pa kuingiza watu 50,000 palikuwa pachache, napo pote palikuwa mikononi mwa klabu za chama, hapakuwa na haja ya katazo jingine.

Kikombe kilichosahauliwa

Siku chache baada ya azimio, wawakilishi wa klabu za wanawake walikutana Blackburn na kuunda chama chao, English Ladies' Football Association. Chama hicho kilipunguza ukubwa wa kiwanja na kuchagua mpira mwepesi zaidi. Na jambo kubwa kuliko hayo, kilianzisha kikombe cha mtoano kwa ajili ya klabu zote za nchi. Zaidi ya timu ishirini ziliingia. Fainali ilichezwa Cobridge tarehe 24 Juni 1922, na Stoke wakawashinda Doncaster and Bentley kwa mabao 3 kwa 1.

Hicho ndicho kilichokuwa kikombe cha kwanza cha wanawake kilichokusudiwa kuwa cha Uingereza nzima. Lakini kilichezwa mara moja tu. Chama kilichokiandaa hakikuwa na viwanja vyake, wala hakikuwa na mapato ya kutosha, na timu mashuhuri kuliko zote, Dick, Kerr, haikuwamo katika mashindano hayo. Timu hiyo ilikwenda Marekani baadaye katika mwaka huo, ikacheza na timu za wanaume. Baada ya muda mfupi chama cha wanawake kilitoweka, na kikombe chake kikatoweka pamoja nacho. Stoke waliandikwa katika mstari wa kwanza wa orodha ambayo haikupata mstari wa pili.

Miaka karibu 50 iliyofuata haikuwa miaka ya ukimya kamili. Dick, Kerr, walioitwa Preston Ladies tangu mwaka wa 1926, waliendelea mpaka mwaka wa 1965. Manchester Corinthians, walioundwa mwaka wa 1949, walisafiri Ulaya na Amerika ya Kusini wakichangisha fedha za hisani. Timu hizo zilicheza katika viwanja vya bustani na mahali po pote palipopatikana. Wachezaji walikuwapo, na baadhi yao walikuwa hodari sana. Isipokuwa ustadi wao haukuwa na pa kuandikwa.

Mfano ulio bora ni Lily Parr wa St Helens. Alizaliwa mwaka wa 1905, akajiunga na Dick, Kerr akiwa bado msichana mdogo, akacheza kwa miaka 30 hivi. Mabao yake yalikuwa mengi mno. Hata hivyo hakupata kamwe kucheza fainali ya kikombe cha taifa, kwa kuwa katika muda wote wa uchezaji wake kikombe cha namna hiyo kilikuwapo mara moja tu, na timu yake haikuwamo. Alifariki mwaka wa 1978. Mwaka wa 2002 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Makumbusho ya Taifa ya Mpira ya Uingereza, na mwaka wa 2019 sanamu yake ilisimamishwa Manchester. Heshima hizo ni kubwa. Lakini sanamu hutolewa na watu wa baadaye, ambapo kikombe hutwaliwa na mchezaji mwenyewe.

Mwanzo wa pili

Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia la wanaume mwaka wa 1966, hamu ya mpira ilienea katika nchi, na wanawake hawakubaki nyuma. Katika mji wa Deal, jimbo la Kent, Arthur Hobbs alianzisha mashindano ya wanawake ambayo yalikua mwaka hata mwaka. Watu waliokutana hapo ndio waliojenga chama kipya. Tarehe 1 Novemba 1969 Chama cha Mpira cha Wanawake kiliundwa London kikiwa na klabu 44, na Hobbs akawa katibu wake wa kwanza. Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya uendeshaji tangu siku hizo alikuwa Patricia Gregory, ambaye aliwahi kutafuta kiwanja cha timu yake na kuambiwa kwamba wanawake hawawezi kupewa.

Amri ya mwaka wa 1921 ilifutwa mwaka wa 1970. Mwaka uliofuata vyama vya mpira vya Ulaya vilipiga kura 31 kwa 1 kwamba kila chama cha taifa kiuchukue mpira wa wanawake chini ya uangalizi wake. Kura moja ya kukataa ilitoka Uskoti. Hata hivyo katika Uingereza kufuta katazo hakukuwa sawa na kutoa msaada. Chama cha wanawake kiliachiwa kijiendeshe chenyewe, kwa kazi ya kujitolea na kwa fedha kidogo.

Ndicho chama hicho kilichoanzisha kikombe kipya katika msimu wa 1970–71. Jina lake la kwanza lilitokana na kampuni ya Mitre, watengenezaji wa mipira, waliokifadhili. Timu 71 ziliingia, baadhi yao zikitoka Uskoti na Wales. Mtu akikumbuka kwamba kikombe cha wanaume kilianza na timu 15 tu, atafahamu ni kiasi gani cha hamu kilichokuwa kimezuiliwa. Fainali ilichezwa Crystal Palace, London, tarehe 9 Mei 1971. Southampton waliwashinda Stewarton and Thistle wa Uskoti kwa mabao 4 kwa 1. Pat Davies alifunga mabao matatu, na Dot Cassell moja.

Southampton hao hawakuwa tawi la klabu ya wanaume yenye jina hilo. Walikuwa timu ya wanawake waliochaguliwa katika ligi ya mjini mwao. Katika fainali 11 za kwanza walicheza 10, wakashinda 8. Mwaka wa 1974 walishindwa na Fodens kwa mabao 2 kwa 1, na mwaka wa 1977 walishindwa na Queens Park Rangers kwa bao 1 kwa 0. Walijilipiza mwaka uliofuata kwa mabao 8 kwa 2, sita kati ya hayo yakiwa ya Pat Chapman.

Faida ya kikombe ilionekana upesi. Tarehe 18 Novemba 1972 timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza ilicheza mara yake ya kwanza rasmi, huko Greenock katika Uskoti, ikashinda kwa mabao 3 kwa 2. Bao lake la kwanza lilifungwa na Sylvia Gore wa Fodens. Timu ya taifa haiwezi kuchaguliwa pasipo na mahali pa kuwaona wachezaji wa pande zote wakishindana. Kikombe kilikuwa mahali hapo.

Baada ya Southampton ilikuja zamu ya Doncaster Belles. Timu hiyo iliundwa mwaka wa 1969 na wanawake waliokuwa wakiuza tikiti za bahati nasibu katika kiwanja cha Belle Vue, kiwanja cha Doncaster Rovers. Jina lao lilikuwa na maana mbili kwa pamoja, kwani lilitokana na kiwanja hicho, na tena ni neno la Kifaransa la kuwataja wanawake wazuri. Wale waliokuwa wakitembea baina ya watazamaji wakiuza tikiti waliingia kiwanjani wenyewe, na kuanzia mwaka wa 1983 hata 1994 walifika fainali mara 11 katika miaka 12, wakashinda mara 6: mwaka wa 1983, 1987, 1988, 1990, 1992 na 1994.

Fainali pekee ya miaka hiyo ambayo Doncaster hawakuifikia ni ya mwaka wa 1989, nayo ina mafunzo yake. Ilichezwa Old Trafford, kiwanja cha Manchester United, na Leasowe Pacific wakawashinda Friends of Fulham kwa mabao 3 kwa 2. Mchezo ulionyeshwa katika televisheni. Lakini watu waliokuja kiwanjani hawakufika elfu moja. Miaka 69 kabla yake, katika kiwanja kisicho mbali na hapo, walikuwa 53,000. Kwa hiyo lango lililofunguliwa tena halikuwarudisha watu mara moja. Mazoea ya kutazama hupokewa kama mazoea mengine, mtoto kwa mzazi. Na uzi huo ulikuwa umekatwa kwa muda wa vizazi viwili.

Kikombe chini ya chama kikuu

Kikombe cha mwisho kilichoendeshwa na chama cha wanawake kilitwaliwa na Arsenal mwaka wa 1993, walipowashinda Doncaster kwa mabao 3 kwa 0. Mwaka huo huo Chama cha Mpira cha Uingereza kiliupokea mpira wa wanawake pamoja na kikombe chake. Chama kilichokwisha kufunga viwanja sasa kikawa mwenye nyumba. Wanawake walipata ofisi, fedha na waamuzi. Walipoteza chama kilichokuwa chao wenyewe, ambacho kwa miaka 22 kilipanga kila mzunguko wa mashindano kwa kazi ya watu wasiolipwa.

Katika zama hizo mpya Arsenal walitawala. Timu yao iliundwa mwaka wa 1987 na Vic Akers, na kufika mwaka wa 2016 walikuwa wamekitwaa kikombe mara 14, hesabu ambayo hapana klabu nyingine iliyoikaribia. Watazamaji nao waliongezeka polepole: katika fainali ya mwaka wa 2008, Arsenal walipowashinda Leeds kwa mabao 4 kwa 1 huko Nottingham, walifika 24,582. Mwaka huo huo wa 2008 Chama cha Mpira kiliomba radhi kwa ajili ya amri ya mwaka wa 1921.

Tarehe 1 Agosti 2015 fainali ilichezwa kwa mara ya kwanza Wembley. Chelsea waliwashinda Notts County kwa bao 1 kwa 0, lililofungwa na Ji So-yun wa Korea ya Kusini, mbele ya watu 30,710. Wembley ni mali ya chama chenyewe. Chama kilichoziambia klabu zake ziwanyime wanawake viwanja kiliwafungulia sasa kiwanja chake, kilicho kikubwa kuliko vyote katika nchi. Kwa mwenye kufuata habari hizi tangu mwanzo, hilo ndilo jambo la kuangaliwa katika siku hiyo, kuliko bao lenyewe.

Maradhi ya korona yaliyaharibu mapito ya misimu miwili. Fainali ya msimu wa 2019–20 ilichezwa tarehe 1 Novemba 2020 bila ya watazamaji, na Manchester City wakawashinda Everton kwa mabao 3 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Fainali ya msimu uliofuata ilichelewa hata ikachezwa tarehe 5 Desemba 2021, siku iliyotimiza miaka mia kamili tangu azimio la Baraza. Chelsea waliwashinda Arsenal kwa mabao 3 kwa 0, moja la Fran Kirby na mawili ya Sam Kerr, na watu 40,942 walikuwapo.

Hata hapo idadi ya Goodison Park ilikuwa haijafikiwa na fainali yo yote ya kikombe hiki. Mwaka wa 2022 watazamaji walikuwa 49,094. Mwaka wa 2023, Chelsea walipowashinda Manchester United kwa bao 1 kwa 0, walikuwa 77,390. Na ndipo hesabu ya mwaka wa 1920 ilipopitwa. Mwaka wa 2024 Manchester United waliwashinda Tottenham kwa mabao 4 kwa 0, na mwaka wa 2025 Chelsea wakakitwaa tena kwa kuwashinda Manchester United kwa mabao 3 kwa 0, mbele ya watu 74,412.

Majina, fedha na hesabu

Mabadiliko ya majina yamefuatana na mabadiliko ya hali. Klabu za mwaka wa 1895 na za mwaka wa 1917 zilijiita kwa neno la Kiingereza ambalo Kiswahili chaweza kulifasiri kuwa mabibi, neno la heshima, lakini lenye kuonyesha pia mahali ambapo mwanamke mwenye adabu alitazamiwa kukaa. Jina hilo lilidumu zaidi ya miaka mia. Arsenal waliliacha mwaka wa 2017, na Chelsea mwaka wa 2018, wakachagua kuitwa wanawake tu. Hivyo neno la kawaida, lile ambalo azimio la mwaka wa 1921 lilianza nalo kisha likaliacha, limerudishwa na wachezaji wenyewe.

Fedha zimekuwa nzito kuhama kuliko majina. Mshindi wa fainali ya Desemba 2021 alipata pauni 25,000, ambapo mshindi wa kikombe cha wanaume cha msimu huo alipata pauni milioni 1.8. Kuanzia msimu wa 2022–23 jumla ya zawadi za wanawake iliongezwa hata pauni milioni 3, na mshindi akapata pauni 100,000. Mwanamume alipata milioni 2. Pengo limepungua, nalo bado ni pengo. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka wa 1921 Baraza lililalamika kwamba fedha za michezo ya wanawake haziendi zote kwa hisani. Swali la kwamba wanawake wenyewe wastahili kulipwa nini halikuulizwa.

Hubaki suala la hesabu. Orodha rasmi ya washindi huanza na Southampton mwaka wa 1971, na kwa sheria za mashindano ni sawa, kwani kikombe cha leo ni kile kile kilichoanzishwa wakati huo, kikarithiwa mwaka wa 1993. Lakini mwanahistoria hafungwi na sheria za mashindano. Akiianza habari mwaka wa 1971, atawafanya wasomaji wadhani kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu, na amri ya mwaka wa 1921 itakuwa imefaulu mara mbili: kwanza katika viwanja, na pili katika vitabu. Iliyo haki ni kuwataja Stoke wa mwaka wa 1922 mbele ya Southampton, na Blyth Spartans wa mwaka wa 1918 mbele ya Stoke, huku ikielezwa wazi kwamba vikombe vyao vilikuwa vingine na kwamba havikudumu. Havikudumu kwa sababu inayojulikana, na sababu hiyo haikuwa uhaba wa wachezaji wala wa watazamaji.